Gari hii ilitoka kiwandani na injini gani? Namna ya kuchunguza magari ya spoti ya Kimarekani ya zamani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "Corvette ya 1967 ilikuwa na injini gani?" na mimi huwa najibu kwa swali, ipi? Maana mwaka huo bodi ni ileile lakini fomu ya oda ya Chevrolet ilikuwa na injini saba. 327 ya nguvu za farasi 300, 327 ya 350, halafu 427 ya 390, 427 ya 400, 427 ya 435, hiyohiyo ya 435 ila yenye silinda hedi za aluminiamu, na mwisho kabisa ile kichaa inaitwa L88 ambayo kwenye karatasi waliandika 430. Hizo 327 na 427 ni inchi za ujazo, ndivyo Wamarekani walivyokuwa wanapima ukubwa wa injini, 427 ni kama lita 7. Sasa gari mbili zimepaki sambamba, rangi moja, rimu zilezile, moja ilitoka na injini ya kwendea kazini na nyingine ilitoka na injini ya mashindano, na bei zake leo hazisogeleani hata kidogo. Hapo ndipo watu wanapopata hamu ya kubadilisha injini, kubandika beji mpya, na kukuuzia hadithi.

Nimefanya uchunguzi wa hizi gari kwa muda, nyingine nikiwa nimeinama juu ya boneti na nyingi kwa picha tu, na kitu kimoja ndio kimenisaidia kuliko vitabu vyote: injini haikuwa inauzwa peke yake. Kila injini ilikuja na masharti, gia hii tu, difu hii tu, AC hakuna, mwezi fulani kwenda mbele, jimbo fulani hapana. Kwahiyo usihangaike kukariri orodha ya injini, tafuta masharti yake, kwa sababu mtu anayetengeneza gari feki mara nyingi anakumbuka injini na anasahau masharti.

Anza na mwaka, halafu mwezi

Mwaka wa modeli sio mwaka wa kalenda, hili liweke kichwani kabla ya kugusa kitu chochote. Viwanda vya Marekani vilikuwa vinaanza kutengeneza modeli ya mwaka unaofuata kuanzia kama mwezi wa nane au wa tisa, kwahiyo gari iliyotengenezwa Oktoba 1966 ni ya 1967.

Mfano mzuri ni Mustang. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, na zile za mwanzo watu wanaziita "64 na nusu", lakini namba zake za chesisi zote zinaanza na 5, yaani Ford wenyewe walizihesabu kuwa za 1965. Sasa ndani ya huo mwaka mmoja wa modeli kuna menyu mbili tofauti kabisa za injini. Zile za mwanzo zilikuwa na silinda sita ya inchi 170 yenye HP (nguvu za farasi) 101, V8 ya 260 yenye HP 164, na 289 ya kabureta ya bareli nne yenye HP 210. Ilipofika Agosti 1964 zote tatu zikaondolewa, ikaja silinda sita ya 200 yenye HP 120, 289 ya bareli mbili yenye 200, na 289 ya bareli nne yenye 225. Ile 289 ya moto yenye HP 271 iliingia Juni 1964 ikapita pande zote mbili bila kubadilika. Kwahiyo mtu akikuonyesha Mustang yenye 260 halafu kibao cha mlangoni kinasema ilitengenezwa Novemba 1964, kuna kitu hakikai hapo. Na kuna njia ya haraka ya kujua uko upande gani, fungua boneti uangalie kinachochaji betri, za mwanzo zina dainamo, za baadae zina alteneta. Sio ushahidi wa mahakamani, mtu anaweza kubadilisha, ila inakupa pa kuanzia.

Corvette ya 1965 nayo ni hivyohivyo. Mwaka ulianza na injini za 327 tu, ya juu kabisa ikiwa L84 yenye injeksheni ya mafuta na HP 375. Katikati ya mwaka wakaleta L78, inchi 396, HP 425. Sasa angalia bei za oda, injeksheni ilikuwa inaongezwa dola 538 na hii 396 ilikuwa inaongezwa dola 292.70, yaani unapata HP 50 zaidi kwa karibu nusu ya hela. Unafikiri watu walichagua nini? L84 ziliuzwa 771 mwaka huo, L78 zikauzwa 2,157 pamoja na kwamba ilichelewa kuingia, na injeksheni ikafa hapo, Corvette haikuipata tena mpaka 1982. Kwahiyo Corvette ya 396 ambayo namba yake ni ya mwanzo kabisa wa mwaka 1965 inabidi ijieleze vizuri sana.

Miaka mingine haina kazi. 1953 Corvette ilikuwa na injini moja, silinda sita ya 235 yenye HP 150, gia otomatiki ya hatua mbili, zikatengenezwa 300 zote nyeupe. 1981 nayo injini moja tu, L81 ya HP 190. Hapo huna cha kuchunguza zaidi ya kuangalia kama bado ipo.

Namba ya chesisi: Ford inasema, Chrysler inasema, Chevrolet inanyamaza

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo kwa sababu wanadhani VIN, yaani namba za chesisi, zote zinafanya kazi sawa. Hazifanyi.

Ford ndio rahisi. Chukua namba inayoanza 5F09K. Hiyo 5 ni mwaka, 1965. F ni kiwanda cha Dearborn, ingekuwa R ni San Jose, T ni Metuchen. 09 ni umbo la fastibeki, 07 ni ya paa la kawaida, 08 ya paa la kukunja. Na herufi ya tano ndio injini, K, ile 289 ya HP 271. Basi, umemaliza, hakuna anayeweza kukwambia "ilikuwa K ila waliandika C". Ikiwa C ni 289 ya bareli mbili, ikiwa A ni ya bareli nne ya kawaida, ikiwa T ni silinda sita. Injini ya K imewekwa kwenye Mustang nyingi sana ambazo hazikuzaliwa nayo, hakuna ubaya ukiambiwa ukweli na ukalipia bei ya C.

Ila usisome herufi bila mwaka, hapa mimi mwenyewe niliumbuka. Jamaa yangu alinitumia picha ya kibao cha Mustang, nikaona J, nikajibu haraka haraka kwa simu "hiyo ni 302 ya bareli nne, ya kawaida tu, achana nayo bei imezidi." Nilikuwa nakumbuka 1968 ambapo J kweli ni 302 ya HP 230. Namba yake ilikuwa inaanza na 1. Yaani 1971. J ya 1971 ni 429 Cobra Jet yenye kuvuta hewa kwenye boneti, HP 370. Nilipogundua usiku ilishauzwa. Tangu siku hiyo nasoma tarakimu ya kwanza kwa sauti kabla ya kusoma herufi. Na sio J peke yake, C ya 1965 ni 289 ya kinyonge na C ya 1971 ni 429 Cobra Jet ya bila kuvuta hewa, R ya 1968 mpaka 1970 ni 428 Cobra Jet lakini R ya 1971 ni Boss 351. Za kukumbuka zaidi kwenye 1969 na 1970 ni G ambayo ni Boss 302 na Z ambayo ni Boss 429.

Thunderbird ya 1957 inaweka herufi mwanzoni kabisa badala ya nafasi ya tano. C ni 292, D ni 312, E ni 312 ya kabureta mbili, F ni 312 yenye supachaja ya HP 300. Ukikuta F nyoosha mgongo.

Chrysler nao wanatumia herufi ya tano. BS23R0B kwa mfano, B ni Barracuda, S ni daraja la 'Cuda, 23 ni milango miwili ya paa la kudumu, R ni Hemi ya 426, 0 ni 1970, B ni kiwanda cha Hamtramck. Mwaka huo V ni 440 ya kabureta tatu, U ni 440 ya kabureta moja, N ni 383, H ni 340. Na hapa pia herufi zinahama, Hemi ilikuwa H mwaka 1966, J kuanzia 1967 mpaka 1969, halafu R 1970 na 1971.

Sasa Chevrolet. Camaro ya 1967 mpaka 1969, namba ikianza na 123 ni silinda sita, ikianza na 124 ni V8, basi, hapo hadithi inaishia. V8 gani? Haisemi. Ya 327 ya kinyonge na ya 396 ya HP 375 zote ni 124. Faida yake ni moja tu, ukiona Camaro ya SS396, yaani ya V8 ya 396, yenye 123 funga boneti uende zako. Corvette hata hiyo haina, 19467 inakwambia ni Corvette ya paa la kukunja na tarakimu inayofuata ni mwaka, injini hakuna. Kuna katofauti kadogo ka 1955 ambapo V8 waliiwekea herufi V mwanzoni mwa namba, lakini baada ya hapo kimya mpaka 1972 ndio General Motors wakaanza kuandika injini kwenye nafasi ya tano. Corvette ya 1972 yenye K ni ya kawaida, L ni LT-1 (350 ya moto), W ni 454.

Kwahiyo Chevrolet ya kabla ya 1972, VIN haikusaidii, unashuka kwenye chuma.

Kusoma pedi ya injini

Hii ni sehemu naipenda. Simama mbele ya gari, angalia injini upande wa abiria (gari hizi usukani uko kushoto, kwahiyo ni upande wa kulia wa gari), pale ambapo silinda hedi inakutana na bloki kwa mbele kuna kipande kidogo cha bloki kimejitokeza, bapa, kama ukubwa wa vidole viwili. Hiyo ndio pedi. Mara nyingi imefunikwa na grisi na alteneta na mabomba. Isafishe kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa. Usitumie sandipepa wala brashi ya waya jamani, utafuta ushahidi wenyewe na mwenye gari atakuwa na haki ya kukukasirikia.

Tuseme umesoma T0112JE. T ni kiwanda cha injini cha Tonawanda, jimbo la New York, ambako walikuwa wanatengeneza injini kubwa, ndogo nyingi zilitoka Flint na zinaanza na F, au V kuanzia 1967. 0112 ni tarehe, Januari 12. JE ndio injini yenyewe, kwa mwaka 1967 ni 427 ya HP 435 ya Corvette, gia za mkono. Ungekuta HT ni 327 ya 350. HE ni 327 ya 300 ya gia za mkono, HO ni hiyohiyo ya otomatiki. Unaona herufi mbili zinakwambia mpaka gia? Ukikuta HO halafu ndani kuna klachi, mtu amebadilisha ama injini ama giaboksi.

Sasa usishangilie bado. Herufi zinaweza kugongwa na mtu yeyote mwenye nyundo na seti ya stempu. Chukua tochi, ilaze karibu na chuma mwanga upite pembeni, utafute mistari myembamba sana inayokwenda sambamba kutoka mbele kwenda nyuma ya injini. Hiyo mistari imeachwa na mashine ya kiwandani iliyokata uso wa bloki, na herufi zinatakiwa zikae juu yake. Pedi ikiwa laini kama kioo, au ina mikwaruzo ya duara, basi uso umeshakatwa upya. Inaweza kuwa kwa nia njema, injini ilifanyiwa ovahoo na fundi akasawazisha bloki, au inaweza kuwa mtu alifuta herufi za zamani akagonga za bei. Wewe huwezi kujua ipi, na bei yako iakisi hivyo.

Halafu linganisha tarehe. Bloki yenyewe ina tarehe ya kuyeyushwa chuma, imetokeza kwenye ukuta wa bloki, herufi ya mwezi kisha siku kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka, A ni Januari mpaka L ni Desemba. L 15 6 ni Desemba 15, 1966. Mpangilio ni lazima uwe bloki kwanza, injini kufungwa baadae, gari mwisho. Bloki ya Desemba 15, injini Januari 12, gari mwisho wa Januari, hapo roho inatulia. Injini iliyofungwa Januari na bloki iliyoyeyushwa Machi ya mwaka huohuo, hiyo ni miujiza. Vilevile jihadhari na mtu anayekupa namba ya kasti ya bloki (iliyotokeza kwenye chuma tangu kuyeyushwa) peke yake kama ushahidi, kwa mfano 3970010 ni bloki ya 350 iliyotumika karibu miaka kumi kwenye magari na malori chungu nzima.

Masharti: gia, AC, difu

Hapa ndipo nilipokuwa nasema. Chukua Camaro ya Z/28 ya 1967 mpaka 1969. Injini yake ni 302, waliipata kwa kuchukua bloki ya 327 na krenki ya 283, kwa sababu mashindano ya Trans-Am yalikuwa na kikomo cha inchi 305 na walitaka kukaa chini yake kidogo. Ilikuja na gia nne za mkono tu, AC hakuna, paa la kukunja haipo kwenye mauzo. Mwaka wa kwanza zilitengenezwa 602. Kwahiyo ukiletewa Z/28 ya 1968 "orijino" yenye otomatiki na matundu ya AC kwenye dashibodi huhitaji kuinamia pedi yoyote.

L88 ya Corvette ndio imezidi. Mgandamizo wa 12.5 kwa 1, inataka petroli ya oktani 103, na mwaka 1967 ukiiagiza wanakuondolea hita na redio, yaani walifanya makusudi mtu wa kawaida asiitake. Na ile namba 430 iko chini ya 435 ya ndugu yake kwa makusudi hayohayo, mteja asiyejua achukue ya 435, huku L88 yenyewe ikiwa inatoa zaidi ya 500. Zikauzwa 20 mwaka 1967, 80 mwaka 1968, 116 mwaka 1969. Leo L88 zinazotembea na makaratasi ya kubuni sidhani kama ni chache. Ukiona ya 1967 ina tundu la redio limekatwa kiwandani, uliza.

Mustang ya K ya 1965 ni gia nne za mkono tu, otomatiki ilikuja 1966, na AC haikuwahi kuwepo kwenye K. Hemi ya 'Cuda na Challenger, AC hakuna. Sababu za hizi AC ni za kifundi kabisa, injini hizi zilijengwa zizunguke sana na kompresa na mikanda yake havikupenda hiyo kazi. Lakini kumbuka masharti yanabadilika mwaka hadi mwaka, LT-1 ya Corvette ya 1970 na 1971 haikuwa na AC, ya 1972 ukitaka unapewa. Mimi hiyo nilishawahi kuita feki mbele ya mwenye gari, nikaonyeshwa makaratasi, nikaomba radhi.

Difu nayo inaongea. Ford 428 ya 1969 na 1970 kulikuwa na Cobra Jet na Super Cobra Jet, ya pili ina krenki na koni rodi ngumu zaidi na kipoza oili. Kwenye VIN hutaona tofauti, zote Q au R. Tofauti iko kwenye kibao cha mlangoni, herufi ya difu. V ni uwiano wa 3.91, W ni 4.30, mteja akiagiza difu mojawapo kati ya hizo ndio anapewa Super. Kwahiyo "Super Cobra Jet" yenye difu ya herufi nyingine ni Cobra Jet ya kawaida na mdomo wa muuzaji.

Na jimbo. California walikuwa na sheria zao za moshi, hivyo 1972 Corvette ya 454 haikuuzwa kule, na 1980 ukinunua Corvette California unapewa 305 ya HP 180 na otomatiki, utake usitake, wakati majimbo mengine wanapewa 350. Mtu anayetafuta Corvette ya bei nafuu ya 1980 na anashangaa mbona haisukumi, aangalie herufi ya tano, ikiwa H ndio hiyo.

Katalogi inadanganya pande zote mbili

Kuna injini zilizoandikwa zisitengenezwe, na kuna zilizotengenezwa zisiandikwe.

Za kundi la kwanza, Mustang ya 1968 yenye 427, herufi W, HP 390. Iko kwenye karatasi za Ford za mwanzo wa mwaka, watu wazima wanaapa waliiona, na hakuna hata moja iliyothibitishwa kwenye rekodi za uzalishaji. Injini hiyo ilienda kwenye Mercury Cougar GT-E. Mustang ikapata 428 Cobra Jet kuanzia Aprili 1968, na Ford waliiandika HP 335 tu, ambayo ilikuwa uongo mwingine. Corvette ya 1970 yenye 454 LS7 nayo ilitajwa kwenye karatasi na haikuuzwa kwenye gari, iliuzwa kama injini ya kwenye boksi.

Za kundi la pili, Camaro ya 1969 yenye 427. General Motors walikuwa na sheria ya ndani kwamba gari zao za saizi hiyo zisizidi inchi 400, Corvette tu ndio ilisamehewa, kwahiyo kwenye broshua ya Camaro mwisho ni 396. Lakini kulikuwa na mlango wa nyuma unaitwa COPO, oda za ofisi kuu, ulikusudiwa kwa oda za wingi kama teksi na gari za polisi, na madila wajanja wakautumia. COPO 9561 ilikuwa 427 ya chuma. COPO 9560 ilikuwa ZL1, bloki nzima ya aluminiamu, zikatengenezwa 69, na 50 kati ya hizo ziliagizwa na dila mmoja tu, Fred Gibb wa La Harpe, Illinois. Bei ya injini peke yake ilizidi dola 4,000, zaidi ya bei ya Camaro ya kawaida nzima, kwahiyo nyingine zilikaa bila mnunuzi. Corvette za ZL1 mwaka huohuo zilikuwa mbili. Kwa hiyo mtu akikwambia "haipo kwenye katalogi basi ni feki" naye hajamaliza shule.

Usilinganishe HP za 1970 na za 1972

Kifupi tu. Mpaka 1971 walikuwa wanapima injini ikiwa uchi, bila chujio la hewa, bila ekzosti ya gari, bila mizigo ya mikanda. 1972 wakaanza kupima ikiwa na kila kitu. LT-1 ya 1971 iliandikwa 330, ya 1972 ikaandikwa 255, na ukipima ya 1971 kwa njia mpya ni 275. Kwahiyo farasi 75 hawakufa, waliokufa ni 20 hivi. Anguko halisi la mgandamizo lilikuwa 1971 walipojiandaa kwa petroli isiyo na risasi, LT-1 ya 1970 ilikuwa 370.

Makaratasi

Kwa Ford kuanzia modeli ya 1967, tuma VIN kwa Marti, wana leseni ya rekodi za Ford na watakupa injini, gia, difu, rangi na dila. Pontiac wana PHS, huduma kama hiyohiyo. Chrysler tafuta karatasi ya uzalishaji, mara nyingi imejificha ndani ya sofa za kiti kwenye springi au juu ya kiti cha nyuma, na kibao cha fenda ndani ya boneti. Chevrolet iliyouzwa Marekani haina huduma kama hiyo, ila Corvette kuanzia 1967 ina karatasi ya oda imebandikwa juu ya tangi la mafuta, unashusha tangi unaikuta, mara nyingine panya wameshakula nusu. Kuanzia 1965 Chevrolet pia walitoa kibati kidogo cha chuma ndani ya kitabu cha waranti chenye herufi za injini. Kikiwepo kizuri sana, ila hicho nacho kinagongwa upya na watu, kwahiyo kisimame na pedi, sio badala ya pedi.

Kama huwezi kwenda kuona gari, omba picha nne: pedi ikiwa imesafishwa na mwanga wa pembeni, tarehe ya kasti ya bloki, VIN na kibao cha mlangoni au cha bodi, na hiyo karatasi kama ipo. Muuzaji mkweli anatuma siku hiyohiyo, mwingine anakutumia picha ya stika ya "435 HP" juu ya chujio la hewa, iking'aa vizuri sana. Mshukuru, mwambie stika hiyo inauzwa mpya mpaka leo, na uombe ya pedi.